Kipago cha Tano

Siku ya ngazi, Mwalimu Komora alisema tu:
"Kila mtu atafute wa kumshikia."
Akageuka kutafuta chaki.

Na sisi, bila kuambiwa, tukajipanga kama mboga sokoni,
mchicha kwa mchicha, bamia kwa bamia.
Dzame akamwendea Sidi.
Wale wa Mpeketoni wakasogeleana ukutani.
Nikabaki mimi, na Bwanaheri wa Kizingitini
aliyeripoti chuoni juzi, kitanda hata hajapewa.

Mimi naitwa Apondi.
Nimezaliwa Malindi, nimekulia Kisumu Ndogo;
ziwa lenyewe sijaliona ila kwenye kalenda ya kinyozi.
Muuza achari akinisikia kwa nyuma huniita mwanangu.
Akigeuka, akauliza jina,
chenji yangu huihesabu mara mbili.

Basi ungedhani mtu kama mimi
ana macho mengine.

Bwanaheri nilimjua kabla hajafungua mdomo.
Nilimjua kwa maneno ya mama akinisuka,
kichwa changu kimebanwa magotini, sina pa kukimbilia:
wale kazi hawaiwezi,
wale wanatuona sisi takataka,
wale usiwape mgongo.
Naye alikuwa ananijua.
Niliona alivyofunga zipu ya mkoba wake.

Nikapanda.
Ngazi ya boriti, kipago cha tatu kimekazwa kwa waya,
testa nimeiuma menoni.
Kipago cha tano nikanyoosha mkono darini,
simu yake ikalia,
ngazi ikacheza.

Testa ikaanguka, ikaniachia mdomo wazi, na mdomo ukasema:
"We Mbajuni!"

Darasa zima likageuka.
Jina lake nilikuwa nalijua.

Mwezi uliopita Ouma, mtoto wa jirani,
aliachia kamba, tangi la maji likapasuka miguuni pangu.
Nilimwita mzembe. Nilimwita punda.
Lile kosa lilikuwa la Ouma, likalala kwa Ouma,
asubuhi tukanywa naye chai.
Hili la leo nimelibandika visiwa vizima,
na bibi zake waliozikwa,
na wanawe ambao bado hawajazaliwa,
kwa sekunde mbili za mkono mmoja.

"Alikuwa mamangu," akasema.
"Na mimi ni Bwanaheri."
Polepole, kama anayemsomea karani fomu.

Mwalimu akaingilia: "Umeme hauulizi kabila!"
Wakacheka waliozoea kucheka.
Ni kweli, hauulizi.
Lakini umeme haushiki ngazi.

Tukabadilishana.
Kutoka chini mtu ni nyayo tu:
kiatu cha kushoto kimeshonwa kwa uzi wa nyavu,
mshono mzuri, wa mtu mwenye subira.
Nikagundua kushika ngazi ni kazi ndefu.
Mikono hukumbuka mambo yake yote,
kitambaa kinataka kurekebishwa,
mgongo unataka kukunwa.
Inzi akatua kwenye kope yangu, akatembea hadi puani, akarudi.
Nikamwacha.
Msinisifu: sikuwa nikimlinda Bwanaheri.
Nilichoogopa ni asije akashuka na neno "wale".

Akafunga taa. Ikawaka.
Akashuka bila asante,
nami sikusema samahani. Nilikuwa nayo,
imekwama palepale ilipokuwa testa.

Jumatatu alikuja binamu yake kutoka Faza,
wakashikiana wao kwa wao.
Sikumlaumu. Ila nilitazama mara mbili tatu
kama simu yake italia.

Sidi siku hiyo alikuwa na homa,
kwa hiyo mimi nikashikiwa na Dzame,
Dzame tuliyekula naye viazi karai sahani moja muhula mzima,
ambaye kabla hajaigusa ngazi
aliinama taratibu, kama anayefunga kamba za viatu,
akafunga zipu ya mkoba wake.

Nikapanda hivyo hivyo.